Fundi wa Saa na Watu wa Mikono ya Moto

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msiseme Cucu, nyanya yenu, amezeeka anaota. Nimeandika kwa mkono wangu. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mkiona mahali nimekosea, someni tu mwende mbele.

Juzi niliwakuta sebuleni mkibishana juu ya ule mchezo wenu wa kompyuta. Nilivyoelewa, kuna nchi humo ndani, na kuna watu wamezaliwa na uchawi, na wakubwa wa hiyo nchi wanawafungia kwa mnara wakiwa bado watoto. Halafu mchezo unawauliza nyinyi: utasaidia nani, askari au mchawi? Mmoja wenu alikuwa anasema wafungwe, kwa sababu mmoja akikasirika atachoma mji mzima. Mwingine anasema huwezi kufunga mtoto kwa kitu hajafanya. Mliponiona mlangoni mkanyamaza, mkadhani nimekuja kuzima stima. Nilikuwa nasikiliza. Mchezo kama huo naujua. Niliucheza mara moja, hapa hapa Eldoret, kabla mama yenu Nyambura hajaolewa, na sikuucheza vizuri. Aliyeuanzisha alikuwa jirani yetu, Fundi wa Saa.

Jina lake nalijua. Sitaliandika. Jina lake liliandikwa mahali pabaya na mimi nilisaidia, basi hapa atabaki Fundi.

Alikotoka sikuwahi kuuliza. Wengine katika ploti yetu ya kupanga walisema Kitale, wengine Kakamega, na kwa sababu alikuwa anasalimia kila mtu kwa lugha ya mtu huyo, hakuna aliyejua. Tulikuwa mtaa wa Munyaka wakati huo, vyumba kumi kwa mstari mmoja, bomba moja la maji mbele. Yeye alikuwa chumba cha tatu, sisi cha tano. Hakuwa na mke. Hakuwa mlevi pia, na watu walishindwa wamweke wapi.

Kazi yake ilikuwa mjini, kwa veranda ya duka la vitambaa. Alikuwa na meza yenye sanduku la kioo juu, kama lile la kuuzia mandazi, na ndani yake saa za watu. Jichoni anabana kile kioo cheusi cha mafundi. Akikitoa kinaacha duara kwa ngozi, na hilo duara lilikuwa halipotei hata Jumapili, mpaka ungedhani mtu amempiga ngumi ndogo. Mikono yake ilikuwa mizuri. Sisemi hivyo juu ya wanaume wengi. Alikuwa anashika kijiko cha chai kama kitu kinaweza kuumia.

Alipomaliza kutengeneza saa hakuwa anairudisha siku hiyo. Alikuwa anaivaa kwanza aone kama itasimama. Kwa hivyo mnamkuta anapita njiani na saa nne, tano, mkono mmoja, nyingine za wanawake na vikamba vyembamba. Siku moja vijana wa chama walikuwa mlango wa soko wakiangalia kadi za chama, kwa sababu siku hizo bila kadi huingii soko, hata kama umekuja kununua nyanya mbili tu. Wakaona mkono wake. Wakamwambia, wewe mzee umeiba wapi hizi? Akawaambia, "Hizi ni wagonjwa. Nawatembeza wapate hewa." Wakamwacha apite wakicheka. Angesema kitu kingine wangempiga.

Na huyu mtu wa saa alikuwa anachelewa kila mahali. Kanisani anaingia wakati wa sadaka. Nikamwambia, Fundi, umevaa saa tano na bado umechelewa. Akaniambia, "Mama Nyambura, hizo ni za wenyewe. Yangu sijui inasema nini." Ukutani kwake kulikuwa na saa kubwa ya mbao ambayo ilikuwa imekufa zamani, na hakuitengeneza. Alisema akirudi nyumbani hataki kuona kazi.

Msidhani alikuwa mtu laini. Baba ya mama yenu, marehemu mume wangu, alimpelekea saa akasema imeanguka. Fundi akaifungua akasikia inanuka busaa, ile pombe ya unga. Hakumwambia kitu. Aliitengeneza, akairudisha, na kwa miezi miwili hakumsalimia. Mume wangu akaja kwangu akilalamika kama mtoto: huyu mtu ana kiburi gani, kwani saa ni yake? Uongo mdogo ulikuwa unamchoma Fundi kuliko matusi. Ungemtukana akacheka. Lakini umdanganye, basi, utaona mgongo wake mpaka achoke mwenyewe.

Sasa niwaambie jambo moja ambalo halilingani na hilo, kwa sababu mtu si kitu kimoja.

Katika chumba cha mwisho alikuwa anaishi mama mzee aliyeuza mboga za managu. Hakuwa na watu. Mtoto mchanga wa chumba cha nane alikufa, na watu wakakumbuka yule mama alimbeba siku chache kabla na akasema mtoto ni mzito. Hiyo tu. Alisema mtoto ni mzito. Asubuhi moja wanawake wakaanza kwa bomba, mmoja akisema hivi, mwingine akiongeza, na kabla ndoo kumi hazijajaa walikuwa mlangoni kwake wakimwita mchawi. Walitoa kitanda chake nje wakakichoma. Walichoma na nguo. Yeye waliacha aende, na alienda na kuku mmoja kwapani na hakuangalia nyuma.

Mimi sikurusha kitu. Nilikuwa nimesimama kwa bomba, ndoo yangu imejaa, na sikuibeba mpaka ilipokwisha.

Mlango wa Fundi ulikuwa umefungwa, na alikuwa ndani. Kila mtu alijua yuko ndani. Karibu mwezi umepita, tukakutana hapo hapo kwa bomba, akaniambia bila mimi kumuuliza: "Siku ile nilikuwa na saa ya mtu wazi mezani. Vyuma vyote viko kwa sahani. Nikasema nikiamka vitapotea." Maji yakajaa, yakamwagika. "Havingepotea. Kuna kifuniko."

Ni baada ya hapo alianza mchezo wake.

Kulikuwa na Mzungu kijana, alikuja kufundisha shule ya sekondari huko juu, akakaa miaka miwili, akarudi kwao. Fundi alikuwa amemtengenezea saa ya babu yake ambayo mafundi wote wa Nairobi walishindwa. Wakati wa kuagana akampa Fundi boksi. Ndani kulikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, na dadu. Lakini si dadu za pande sita kama za ludo. Zingine zilikuwa na pande nne, zingine nane, moja ilikuwa na pande ishirini, na nambari ndogo kama za saa. Nusu zilikuwa zimepotea. Fundi alizitengeneza mwenyewe kwa pembe ya ng'ombe, akizikata na tupa, na ukizirusha huwezi jua ipi ni ya Mzungu na ipi ni yake.

Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hivyo alimwomba Nyambura amsomee. Nyambura alikuwa kidato cha pili, na kusoma ndiyo ilikuwa chakula chake. Kitabu kilikuwa na majoka na panga na mapango. Fundi alisikiliza yote mpaka mwisho, akasema majoka hatutaki, hapa hakuna majoka. Akachukua kile alitaka.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Hakuna ubao, hakuna kufunga bao, hakuna mshindi. Watoto watano au sita wanaketi kwa mkeka Jumapili baada ya kanisa. Fundi anaeleza nchi. Kila mtoto ni mtu mmoja katika hiyo nchi, na Fundi ndiye mvua, ndiye polisi, ndiye njia, ndiye kila mtu mwingine. Mtoto anasema anataka kufanya nini. Kama ni kitu kigumu, anarusha dadu aone kama amefaulu. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa kwa fundo, mzazi yeyote akipita anaona. Nawaambia hiyo ya mlango ili mjue kwamba hakuna kitu nilikuwa sijui.

Nchi yake haikuwa na jina. Ilikuwa na baridi kama ya kule Burnt Forest, njia ya Nakuru, mahindi, matope, mto mkubwa. Katika hiyo nchi, watu wengine walizaliwa na mikono ya moto. Akigusa kuni zilizoloa, zinawaka. Ng'ombe akilala hataki kuamka, akiwekewa huo mkono anaamka. Sheria ilisema mtoto akionekana ana mikono ya moto aandikwe, avalishwe uzi mwekundu, na akifika miaka kumi na tano avushwe mto apelekwe Bomani. Huko Bomani wanakausha mahindi ya wakubwa wakati wa mvua, kwa mikono yao, stoo baada ya stoo, na nyumbani hawarudi.

Na hakuwapendelea hao watu wake. Mngedhani atawafanya wote malaika. Mara moja watoto walikuwa wamemficha msichana mmoja wa mikono ya moto kwa Jumapili tatu, wakimtafutia chakula, wakirusha dadu asionekane. Jumapili ya nne Fundi akawaambia yule msichana amekasirika, amechoma stoo, na mlinzi alikuwa ndani. Auma, rafiki wa Nyambura kutoka chumba cha saba, akaanza kulia akisema mlinzi alikuwa na watoto wawili. Fundi akauliza, "Haya. Bado mnamficha?" Walibishana mpaka giza likaanza kuingia, nikaenda kumtoa Nyambura hapo kwa sikio.

Sasa sikilizeni hii ya majina, kwa sababu ndiyo iliyotuharibia.

Mwanzoni watoto walikuwa wanawapa watu wa mchezo majina ya kutunga. Fundi akakataa. Alisema mtu mwenye jina la kutunga unamvusha mto bila kufikiri, unataka tu kwenda kunywa chai. Akawaambia wachukue majina ya watu wanaojua, majirani, watu wa soko. Kwa hivyo mwenye mikono ya moto akawa ni mama anayeuza viazi, ni mzee wa kanisa, ni yule mwanamume wa kusaga unga kwa posho mill. Yote yaliandikwa kwa daftari ili Jumapili ikija wajue walifika wapi. Mwandishi alikuwa Nyambura, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa safi. Nililiona hilo daftari. Limeandikwa: fulani, ana moto mkali, amefichwa darini kwa mwalimu mkuu. Fulani, anatafutwa. Fulani, atavushwa usiku wa Ijumaa. Na lilikuwa linawekwa ndani ya ile saa ya ukutani iliyokufa, nyuma ya kile kitu kinachobembea. Watoto waliona ni raha, siri yao wenyewe. Mimi Nyambura aliniambia tukichambua maharagwe, kama vile mtoto anamwambia mamake kila kitu.

Siku niliyocheza, mvua ilikuwa imeanza kunyesha nikaenda kumwita Nyambura aje aanue nguo. Fundi akaniambia, "Mama Nyambura, karani wetu ni mgonjwa leo. Keti hapa ushike kazi yake." Watoto wakacheka. Nikaketi kwa stuli. Sijui kwa nini niliketi, nilikuwa na kazi nyingi.

Akanieleza. Mimi ni karani wa mlango wa mji. Kazi yangu ni kuandika wenye mikono ya moto. Kuna mama amefika na mtoto mgongoni, mvua inanyesha, na maji yakimwangukia huyo mtoto yanageuka mvuke. Mimi nimeona. Askari yuko hatua kumi na hajaona. Aliyekuwa anacheza huyo mama alikuwa Nyambura. Aliniangalia na macho makubwa, akasema kwa sauti ya mchezo, karani, tafadhali, anaumwa tu, ni homa.

Fundi akasema, "Haya. Utafanya nini?"

Nikasema sheria ni sheria. Nitamwandika.

Fundi akaniuliza kama nataka kurusha dadu, labda askari ataitwa upande mwingine, labda karani atapata nafasi. Nikasema sihitaji dadu, kazi yangu ni kuandika na nimeandika. Machozi yalimtoka Nyambura, na Auma akamshika mkono. Nikasimama, nikawaambia wote huu ni mchezo tu na nguo zinaloa nje. Lakini kwa siku nyingi Nyambura alikuwa ananiangalia mezani kama mtu anayepima kitu, na mimi nikamkasirikia Fundi. Nilisema moyoni, huyu mwanamume asiye na mtoto amemfundisha mtoto wangu kuniangalia hivyo.

Hayo makasiriko nayataja kwa sababu yalikuwepo wakati sabchifu, yule msaidizi wa chifu, alikuja.

Alikuja saa nne asubuhi, mume wangu akiwa kiwandani na Nyambura shule. Alikuwa na mtu mwingine wa koti la kijivu ambaye hakusema jina. Niliwapa chai. Wakasifu chai. Sabchifu akasema kuna wamama wa kanisa wamelalamika kwamba kwa Fundi watoto wanafundishwa uchawi. Yule wa koti akasema yeye uchawi si kazi yake, yeye amesikia kuna mchezo ambao watu wanafichwa serikali isiwapate. Siku hizo nyinyi hamkuziona. Mtu akisema bei ya sukari imepanda, anaangalia kwanza nani yuko nyuma yake.

Nikasema mimi sijui michezo ya watoto.

Yule wa koti akasema vizuri, basi watawauliza watoto wenyewe. Majina yao wanayo. Akataja Nyambura, shule yake, na darasa lake. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama daktari, kwamba ni vibaya msichana wa shule kuletwa kituoni, watu wataongea, mwalimu mkuu ataogopa kumweka. Lakini kama kuna mtu mzima atasema, watoto wataachwa kando.

Hakuna mtu aliyenishika shingo. Kiti kilikuwa changu na kikombe ni changu. Nikawaambia ni kweli, katika huo mchezo serikali ni mbaya. Nikawaambia wanaitana wachawi, ingawa hilo neno Fundi alikuwa amelikataza kwake tangu mama wa managu afukuzwe. Nilijua ndilo watalipenda. Halafu nikawaambia kuna daftari, na liko ndani ya saa ya ukutani. Wakaandika, wakanisomea, nikatia sahihi. Niliandika jina langu lote.

Walimchukua Fundi mjini, kwa meza yake. Chumbani walivunja saa, wakatoa daftari.

Mtu akisoma lile daftari bila kujua mchezo, angeona nini? Majina ya watu wa kweli wa Munyaka, nani amefichwa wapi, nani atavushwa siku gani. Kwa wiki mbili majirani walikuwa wanaitwa kwa chifu mmoja mmoja. Mama wa viazi, mnene kama gunia lenyewe, aliulizwa alikuwa anafanya nini darini kwa mwalimu mkuu. Akamwambia yule mtu wa koti, "Kijana, niangalie vizuri. Hiyo dari ni ya mbao gani?" Alirudi akatusimulia kwa bomba, na tukacheka mpaka ndoo zikamwagika. Na mimi nilicheka pamoja nao. Kati ya vitu vyote nilivyofanya, sijui kama kuna kingine kinanirudia usiku kama hicho kicheko.

Majirani waliachiliwa. Fundi hakurudi. Watoto hawakuitwa, hata mmoja, na mimi nikajiambia, unaona, ulifanya vizuri, umemwokoa mtoto.

Nyambura aliniuliza mara moja tu. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. "Mama, nani aliwaambia iko ndani ya saa?" Nikasema sijui. Basi yeye akafikiri mwenyewe. Waliojua ni wale watoto na mimi, na mimi mamake hakunifikiria, na baba ya Auma alikuwa amepewa kazi mpya ya ukarani kwa ofisi ya serikali mwezi huo huo. Akaamua ni Auma. Wasichana wawili waliokuwa wanakula sahani moja. Auma alikuja mlangoni kwetu jioni tatu, akilia, akisema si mimi, Mama Nyambura mwambie si mimi. Nami nikamwambia nenda nyumbani mtoto wangu, amelala. Mwisho wa mwaka wakahamia mtaa wa West Indies, hapa hapa mjini, na hatukumwona tena.

Fundi alirudi baada ya miezi mingi, amevaa shati la mtu mwingine. Chumba kilikuwa na mpangaji mpya. Boksi lake mwenye ploti alikuwa amelichoma pamoja na dadu zote, kwa sababu mhubiri alimwambia ni mifupa. Hakuna aliyemkaribisha, hata mimi. Alisimama kwa bomba akanywa maji kwa kiganja, akaenda. Tulisikia yuko Burnt Forest, anafanya vibarua vya viazi.

Miaka ikapita. Chama kilikuwa bado kimoja. Nyambura alimaliza chuo cha ualimu, akawa karibu kuolewa, na harusi inataka viazi. Ndiyo nikaenda Burnt Forest siku ya soko. Ilikuwa ile baridi yenye ukungu, unasikia mtu kabla hujamwona. Nilisikia sauti ikisema debe ni debe, mama, silijazi kwa hewa. Nikaijua.

Alikuwa amekonda, amevaa gamba buti za mpira na kofia ya sufu. Duara la jichoni lilikuwa limepotea. Alikuwa anapakia viazi kwa debe, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikuwa vinakunja, vinabaki vimesimama kando kama si vyake. Akaniona. Akasema, "Karibu, Mama Nyambura," kama tulionana jana.

Nikamwambia nataka magunia mawili. Akayachagua mwenyewe, akitoa yale yenye macho. Nilikuwa na maneno moyoni kwa miaka, lakini sikuwa nimepanga kuyasema siku hiyo. Yakatoka tu.

"Ni mimi niliwaambia daftari liko wapi."

"Najua," akasema. "Walinisomea. Uliandika jina lako lote."

Nikamwambia waliniahidi watoto wataachwa kando. Nilisema hivyo kama mtu anayetoa risiti.

Aliacha viazi. Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

"Mama, mimi kitu waliniuliza ni watoto tu. Siku nne. Daftari walikuwa nalo, mimi walikuwa na mimi. Walitaka kujua huu mwandiko safi ni wa nani."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni wangu. Nikasema hakuna watoto, nilikuwa nacheza peke yangu, narusha dadu za kila mtu." Akainama akaokota kiazi kilichoanguka. "Wakaniambia niandike waone. Nikajaribu kuandika kama Nyambura. Ile herufi yake ya g, yenye mkia mrefu. Siku ya kwanza haikutoka vizuri."

Alinishonea magunia kwa mkono wa kushoto. Aliuliza Nyambura anafanya nini sasa. Nikasema ni mwalimu. Akatingisha kichwa, akafurahi, niliona amefurahi, akasema basi mwandiko haukupotea. Nikamwambia aje harusini. Akasema asante, na tukajua wote wawili kwamba hatakuja. Ukungu ulikuwa mzito, nilipogeuka hatua chache nilikuwa nasikia tu viazi vikianguka kwa debe. Hatukuonana tena. Alifariki huko huko, na habari ilinifikia mwaka mzima baadaye.

Jioni ya siku ile ya soko nilimwambia Nyambura. Nilimwambia yote, mambo ya koti la kijivu, mambo ya chai, na vidole. Alikuwa ameshika kitambaa cha gauni la harusi. Nilingoja aseme kitu juu yangu. Alisema neno moja tu: "Auma?"

Halafu akavaa viatu akatoka kumtafuta West Indies, kukiwa bado na mwanga kidogo, na mimi sikumwuliza atasema nini akimpata.

Aliporudi hakuniambia kama alimpata, na mpaka leo hajaniambia. Lakini yeye akiwa huko nje nilikuwa nimewaita wote waliokuwa nyumbani, mume wangu, wajomba zenu wawili, na msichana aliyekuwa ananisaidia kazi. Nikawasimamisha kando ya meza. Nikawaambia:

"Kutoka leo, mtu yeyote akiingia hapa kuuliza habari za mtu ambaye hayupo, hata awe na koti gani, mpeni kiti na mfunge midomo. Mmoja wenu aende akamwite huyo anayeulizwa, aje akae kando ya mgeni, aulizwe akiwa anasikia. Asipopatikana, mgeni amalize chai yake na aende."